Sura ya Tano: Mkanda Unaokukaa Mwilini

Kwenye barabara ya Mtwara kwenda Msimbati utamwona abiria wa mbele akiuvuta mkanda kifuani trafiki anapoonekana, kisha akiuachia wakishampita. Muulize, atakwambia unamkaba shingo, na kwa joto la pwani hii hawezi kuongeza kitu juu ya shati lililolowa jasho. Namwamini kabisa. Mkanda uliokaa vibaya ni karaha. Lakini ukipangwa vizuri, mkao unaomwondolea karaha ndio huohuo utakaomwokoa.

Anza na kiti. Makalio yafike mwisho, mgongo uegemee, na kiegemeo kisilale. Anayelaza kiti ili asinzie njia nzima hadi Dar es Salaam ameuacha mkanda ukielea mbele yake. Gari likigonga atateleza chini yake, na mkanda wa kiunoni utapanda tumboni. Mahali pake ni chini kabisa, juu ya mifupa ya nyonga, ukigusa mapaja. Nyonga huhimili mshindo mkubwa kuliko ini na utumbo. Mjamzito naye aupitishe chini ya mimba. Fundo la kanga lisogezwe kando, maana hunyanyua mkanda.

Mkanda wa juu upite katikati ya bega, juu ya mtulinga, ushuke katikati ya kifua. Ukigusa shingo, tazama nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Magari mengi yana kitufe pale mkanda unapopita. Kibonyeze, telezesha chini, achia, kisha vuta kuhakikisha pameshika. Kama hakuna kitufe, pandisha kiti, au kisogeze mpaka mkanda uiache shingo.

Wapo wanaoupitisha kwapani. Hapo bega halishikwi, na mzigo huangukia mbavu. Wengine huubana kwa kibanio cha nguo ili ulegee. Kwa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha maeneo ya makazi, mwili unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na ulegevu wowote unaupa nafasi ya kuifuata dashibodi. Mwili ukisimamishwa ndani ya nusu mita kutoka mwendo huo, mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa huvuta kama mzigo wa kilo 200. Hakuna mama mwenye mikono ya kumshika. Mtoto awe na kiti chake, nyuma.

Mkanda huu wa bega na nyonga kwa pamoja ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo huko Sweden, na kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia.

Ukielekea Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, gari likiruka shimo mkanda unaweza kukwama ghafla. Haujaharibika. Ndani ya kibweta chake kuna gololi au kipande kizito kinachoyumba gari linapotikisika au kuinama, kikaufunga. Uachie urudi kidogo, kisha uvute polepole.

Mchanga ndio adui wa kweli hapa. Mkanda ukirudi kwa uvivu, uvute wote nje, uzuie usirudi, usugue kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu, ukauke kivulini kabla ya kuuachia. Jiki hudhoofisha nyuzi. Na ukinunua gari la mtumba, uvute mkanda hadi mwisho: ukiona nyuzi zimechanika au zimevutika kwa ajali ya zamani, mkanda huo ubadilishwe wote pamoja na kibweta chake.