Barua Pepe Zikikataa Kulingana: Tuanzie Banioni

Mkulima wa mpunga wa Mabogini, katika nyanda zilizo kusini ya mji wa Moshi, aonapo jaruba lake limekauka habomoi tuta kwa hasira. Huufuata mfereji kuelekea juu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye banio, apate kujua maji yamekatikia wapi. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987, wakulima wa huko wameliona jambo hili mara nyingi: dalili hujitokeza mkiani mwa mfereji, ilhali sababu yaweza kuwa juu sana, ambako wengine wameongeza mashamba na kuyatwaa maji.

Fikra hiyo hiyo yatufaa ofisini. Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha wakulima ambaye kompyuta yake ya mezani inamwarifu kuwa usawazishaji wa barua pepe umeshindikana. Barua alizozisoma jana kwa simu hazionekani, na zile alizozifuta zimerudi. Mtu wa namna hiyo aghalabu hushawishika kuifuta akaunti yote na kuianza upya. Asifanye hivyo kabla hajajua barua asilia zimekaa wapi.

Yafaa ieleweke kwamba kuna taratibu mbili kuu za kupokea barua pepe. Ya kwanza ni POP, iliyotangazwa mwaka 1984. Hii huziteremsha barua hadi kwenye kompyuta ya mpokeaji, na mara nyingi huziondoa kwenye seva. Ya pili ni IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Hii huziacha barua asilia kwenye seva, na kompyuta hubaki na nakala tu. Hapo ndipo usawazishaji unapohitajika. Kila barua ina namba yake katika folda. Programu huiuliza seva namba ilizo nazo, huzilinganisha na zake, huchukua zilizopungua na kuondoa zilizofutwa. Hitilafu ya usawazishaji, basi, ni madaftari mawili yasiyokubaliana. Anayetumia POP akifuta akaunti pamoja na faili zake, huenda amelichoma daftari la pekee.

Sasa tuanzie banioni. Katibu wetu afungue sanduku lake kwa kivinjari cha intaneti, bila kuitumia programu ile. Barua zikionekana huko, seva ni nzima, na kasoro iko chini yake. Aangalie pia kama sanduku limejaa. Google, kwa mfano, humpa mtumiaji asiyelipa gigabaiti 15, nazo huliwa na picha na faili nyingine pia.

Hatua ya pili ni mfereji wenyewe, yaani mtandao, pamoja na jambo linalosahaulika: saa ya kompyuta. Betri ndogo ya saa ikifa, kompyuta ikizimwa na umeme kukatika, huweza kuamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Cheti cha usalama cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta iliyopotea tarehe hukiona si halali, nayo hukataa kuunganishwa.

Hatua ya tatu ni lango. Neno la siri likibadilishwa kwenye simu, ni lazima libadilishwe na kwenye kompyuta. Kadhalika, Microsoft ilianza Oktoba 2022 kuzuia programu zinazotuma neno la siri kwa mtindo wa zamani katika huduma yake ya barua za ofisi. Programu iliyopitwa na wakati yaweza kukataliwa hata kama neno la siri ni sahihi.

Hatua ya nne, na ya mwisho, ni jaruba: faharasa ya folda ndani ya kompyuta, ambayo huharibika hasa umeme unapokatika ghafla. Thunderbird, mathalani, ina amri ya kurekebisha folda, ambayo huunda faharasa upya na, kwa IMAP, huchukua tena nakala kutoka kwenye seva. Ndiyo maana tulianza kwa kuikagua seva.

Uko mtego mmoja zaidi. Kutuma barua na kuweka nakala yake katika folda ya zilizotumwa ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza yaweza kufaulu na ya pili ikashindwa. Katibu asiyeijua tofauti hiyo huituma barua tena, na muuza mbolea akapokea agizo lile lile mara mbili. Asome onyo lote kabla ya kurudia.

Hatimaye, kabla ya kugusa chochote, hana budi kunakili faili za barua kwenye diski nyingine. Mikataba na stakabadhi za wanachama haziwezi kuvunwa upya msimu ujao.