Je, Wajua? Chakula cha Msaada Mikononi mwa Wauaji

Je, wajua ya kuwa mnamo Novemba 1994 tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliazimu kuziacha kambi za wakimbizi wa Rwanda huko Zaire, ambako kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuwafisha maelfu, kwa sababu wale wale walioongoza mauaji ya halaiki ya Watutsi ndio waliozitawala kambi hizo, wakizidisha hesabu ya watu ili chakula cha ziada wakiuze na kujiandaa kwa vita vipya? Mashirika mengi yalibaki, na udhuru wao si wa kudharauliwa, kwani mtoto mwenye njaa hana dhambi. Dhima kubwa ni ya madola yaliyoombwa na Umoja wa Mataifa askari wa kuwatenga wauaji na raia, yasiwapeleke.