Kuchota Sampuli Tangini kwa Usalama

Sampuli ni kiasi kidogo cha mafuta au kemikali kinachochotwa tangini ili kieleze hali ya kile kilichobaki ndani. Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, kazi hii ina uzito wake. Kwa miaka mingi umeme wa kisiwa cha Mafia umetoka kwenye mashine za dizeli za TANESCO, shirika la umeme, nje ya gridi ya taifa, na dizeli hiyo yote imevuka bahari. Kila inapohamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, huweza kuokota maji, kutu au masalio ya petroli. Unyevu wa pwani nao hugeuka matone kwenye kuta za tangi usiku, yakatiririka hadi chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa sakafuni. Pale yanapokutana na mafuta huota vijidudu, na ute wao huziba chujio. Fundi asiyechunguza sakafu ya tangi hupata habari zake siku mashine inapozima.

Tangi lililofungwa ni chombo kitulivu. Hatari huanza linapofunguliwa, na mchotaji sampuli ndiye anayelifungua mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, uso wake ukiwa karibu na mdomo wa tangi. Kinachotangulia kumfikia ni mvuke. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini dizeli ni pole zaidi: kwa kawaida huhitaji kupashwa zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujawaka. Upole huo ndio unaowaponza wengi. Dizeli ikimiminwa kwenye tangi lililokuwa na petroli, mvuke uliosalia humo huwa tayari kulipuka, ingawa karatasi zote zimeandikwa dizeli.

Cheche nayo haihitaji kiberiti. Mafuta safi yanapopita kwa kasi kwenye bomba na chujio hujikusanyia umeme tuli, na umeme huo hauondoki mara moja, kwa sababu mafuta hayapitishi umeme vizuri. Ndiyo maana tangi kubwa likishajazwa huachwa litulie, kwa desturi dakika 30, kabla ya kutumbukizwa chochote. Chombo cha chuma cha kuchotea huunganishwa kwa waya na mwili wa tangi. Ndoo ya plastiki yenye mkono wa chuma ni mtego mbaya: ule mkono hukusanya chaji bila njia ya kuitoa, kisha huruka cheche ukikaribia ukingo wa tangi. Kamba ya nailoni hukatazwa kwa sababu hiyohiyo, hutumika ya pamba au katani. Mafia, ambako makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani na kusokotwa kamba, mtu angefikiria mara moja kamba ya usumba. Kwa upande wa umeme tuli haina ubaya mkubwa, lakini nyuzi zake hukatika na kuelea kwenye sampuli, na maabara itasoma uchafu ambao tangini haukuwamo. Radi ikisikika, kazi huahirishwa, hata kama meli inasubiri.

Mahali pa kusimama huamuliwa na upepo. Mabaharia wa Mafia wanajua tofauti ya joshini na demani, na mchotaji husimama joshini, upande upepo unakotoka, ili mvuke upeperushwe mbali naye. Kusi likivuma hukaa upande wa kusini wa mdomo wa tangi, kaskazi likishika huhama. Hata hivyo upepo haufai kumpiga mgongoni moja kwa moja, kwa kuwa mwili wake hutengeneza kizingo kinachovuta mvuke urudi usoni. Ni heri umpitie ubavuni. Kwenye mafuta ghafi na mafuta mazito jambo hili ni la kufa na kupona, kwa sababu humo huweza kuwamo haidrojeni salfaidi. Gesi hii hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, ikizidi huua uwezo wa pua kuisikia. Harufu ikipotea ghafla, si dalili kwamba hewa imekuwa safi. Hupimwa kwa kifaa kinachovaliwa kifuani, na mwenzake mchotaji hubaki chini, akimwona, bila kupanda naye. Mtu akizimia ndani ya tangi, anayemfuata bila kifaa cha kupumulia huwa maiti ya pili.

Ngazi yenyewe imeangusha wengi. Chupa hubebwa kwenye mkoba wa begani ili mikono yote miwili ishike vyuma.

Chupa ya kuchotea huwekewa uzito, hufungwa kizibo na kushushwa hadi kina kinachotakiwa, kisha kamba huvutwa kwa ghafla kizibo kichomoke. Huchotwa juu, katikati na chini, kwa maana mafuta yaliyotulia hayafanani toka juu hadi chini. Chupa ya maabara haijazwi pomoni. Dizeli hutanuka kwa joto: lita 10,000 zikipashwa nyuzi 10 huongezeka takriban lita 80. Ndani ya chupa iliyojaa, kutanuka huko hupasua kioo.

Sampuli ya koki ina mtego mwingine. Mafuta yaliyokwama kwenye kipande cha bomba kati ya tangi na koki si mafuta ya tangi, kwa hiyo hutiririshwa kwanza kwenye chombo cha kando. Kwenye viwanda vya kemikali kali, kuacha kimiminika kitiririke hewani hakukubaliki tena. Bomba dogo huondoka upande wa shinikizo wa pampu na kurudi upande wa kuvutia, chupa huchomekwa katikati kwa sindano inayopenya kizibo cha mpira, na mkono ukiachia, valvu yenye springi hujifunga. Mchotaji hakutani na kemikali kabisa.

Kusini mwa Mafia, kwenye kisiwa cha Songo Songo, gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 husafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam tangu 2004. Hapo chupa ya kioo haina kazi. Gesi yenye shinikizo huchukuliwa kwa silinda ya chuma, inayojazwa na kutolewa mara kadhaa ili hewa ya zamani itoke. Gesi ya kupikia iliyo katika hali ya kimiminika huachiwa nafasi ya asilimia 20 hivi, kama ilivyo kwa mtungi wa jikoni.

Tanzania ilipata mwaka 2003 sheria mbili zinazogusa kazi hii: ya usalama na afya mahali pa kazi, chini ya OSHA, na ya kemikali za viwandani na majumbani, ambayo husimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Vinasaba vya mafuta, yaani alama za kemikali zinazotiwa ili kubaini uchakachuaji, vilianzishwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2010 na baadaye kuhamishiwa shirika la viwango, TBS; navyo hupimwa kwa sampuli. Lebo hutaja tangi, kina, saa na mchotaji, na chupa hufungwa lakiri. Chupa moja hubaki kisiwani hadi shehena hiyo iishe. Ile ya maabara huvuka kwenda bara kama mzigo wa hatari, si ndani ya begi la abiria, na mafuta yaliyotiririshwa hurudi kwenye pipa la mafuta machafu. Hayamwagwi baharini, kwa kuwa papa potwe huja mbele ya Kilindoni kati ya Oktoba na Machi.