Wateja wa barabara ya vumbi: biashara ya baiskeli kati ya Kilimanjaro na Lengai

Wakazi wa Longido na Monduli huomba lami katika kila kampeni ya uchaguzi, na wana haki. Mgonjwa anayepelekwa hospitali hapaswi kupita kwenye mikunjo kama ya bati, wala maziwa hayapaswi kuganda njiani. Lakini yupo mteja anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA na boksi kubwa la kadibodi lenye baiskeli ndani, ambaye amelipa nauli ya maelfu ya kilomita ili aifuate barabara hiyo hiyo wanayotaka iondoke. Mteja huyo ana pesa, ana muda, na idadi ya wenzake inakua. Kaskazini mwa Tanzania bado haijaamua imuuzie nini.

Anachoendesha kinaitwa baiskeli ya changarawe. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli za mashindano ya lami, ila tairi ni pana, milimita 40 na kuendelea, breki ni za disiki, na gia ni nyepesi za kupandia milima. Fremu ina matundu ya kufungia chupa za maji na mifuko, hivyo mtu anaweza kubeba hema na nguo na kukaa barabarani wiki nzima. Mchezo huu ulianza kidogo kidogo Marekani. Mbio za Emporia katika jimbo la Kansas, za kilomita 322, zilianza mwaka 2006 na watu wachache tu, na leo ni tukio linaloujaza mji mzima. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa changarawe mwaka 2022 huko Veneto, Italia. Jirani zetu Kenya walikuwa wamekwisha kuanza: mwaka 2021 wanamichezo na wafadhili wa mradi wa Amani walianzisha mbio za Migration Gravel katika nchi ya Wamasai kuzunguka Mara, na baadaye wakaleta upande wa Tanzania mbio za Evolution.

Si kwa bahati tu kwamba macho ya waandaaji hao yaligeukia ukanda huu. Kati ya Moshi na Ziwa Natron, volkano zimepangana moja baada ya nyingine: Kilimanjaro yenye mita 5,895, Meru, Kitumbeine, Gelai, nyanda za juu za Ngorongoro, na mwisho Ol Doinyo Lengai, ambayo bado inatoa lava. Lava ya Lengai ni ya kaboneti, nyepesi na yenye joto dogo kuliko ya volkano nyingine zote zinazotoa moto leo, na mlipuko wa mwaka 2007 na 2008 ulimwaga majivu kwenye malisho ya kilomita nyingi. Kwa mwendesha baiskeli historia hiyo yote iko chini ya tairi. Kwenye vihamba vya Wachaga udongo ni mwekundu na mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Ukifika Sanya Juu na Ngarenairobi vumbi linakuwa jeusi na laini. Ukipita Engaruka kuelekea kaskazini unakutana na majivu ya kijivu yanayomeza gurudumu hadi rimu, halafu mawe meusi yaliyokatika pembe kali. Katika siku chache mtu anapanda kutoka kwenye migomba hadi kwenye baridi ya ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kisha anashuka hadi Natron yenye mita 600 hivi na joto la kukausha mdomo. Njia za namna hiyo ni chache duniani, na zilizo karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa ni chache zaidi.

Njia mbili ndizo zinazobeba biashara hii kwa sasa. Ya kwanza ni kuuzunguka Mlima Kilimanjaro kwa chini: Moshi, Marangu, Rombo hadi Tarakea, kisha Kamwanga, Olmolog, Sanya Juu na kurudi Boma Ng'ombe. Upande wa mashariki ni lami. Vumbi liko kaskazini na magharibi, ambako barabara inapita kwenye mashamba makubwa ya ngano na kandokando ya eneo la hifadhi ya jamii la Enduimet, njia ya tembo kati ya Kilimanjaro na Amboseli. Ya pili inaanzia Mto wa Mbu, inapita Selela na Engaruka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na kuishia Engaresero kwenye miguu ya Lengai. Wapo pia wanaopanda Kilimanjaro yenyewe kwa baiskeli, kwa kibali, kupitia njia ya Kilema hadi Horombo, lakini hao ni wachache na hesabu yao ni ya hifadhi.

Hesabu ndiyo inayonivutia. Mgeni wa nje anayepanda Kilimanjaro hulipa ada ya uhifadhi ya dola 70 kwa siku, na juu yake kuna kambi, uokoaji na VAT ya asilimia 18 iliyoanza kutozwa kwenye huduma za utalii Julai 2016. Kwa safari ya siku saba, fedha nyingi zimeshaingia serikalini kabla hajaanza kutembea. Anayeuzunguka mlima huo huo kwa baiskeli haingii getini. Barabara ni ya umma, inahudumiwa na TANROADS au TARURA, na hailipiwi. Fedha yake haina mlango mmoja wa kuingilia. Inadondoka pale anaposimama: chai na chapati Tarakea, chumba Sanya Juu, maji ya chupa Selela, kijana wa kumwonyesha matuta ya mawe na mifereji ya kale ya Engaruka. Kundi linalopanda mlima huajiri wapagazi watatu au zaidi kwa kila mgeni. Kundi la baiskeli linahitaji gari moja, dereva, mpishi na kiongozi. Kwa ajira za moja kwa moja mlima unashinda, wala hakuna ubishi. Lakini baiskeli inafika mahali ambapo magari ya safari hupita na madirisha yamefungwa, na mpanda baiskeli hula chakula cha watu wawili. Njaa yake ni soko.

Ndiyo maana naona uwekezaji wenye faida kubwa kuliko wote hapa ni fundi. Tairi za kisasa hazina tyubu. Ndani hutiwa majimaji ya gundi yanayoziba tundu lenyewe mwiba unapoingia, na huku kwetu, ambako mgunga umetapakaa hadi katikati ya njia, hiyo ni nusu ya safari. Likichanika tundu kubwa, kazi inabadilika. Fundi hung'oa tairi upande mmoja, anafuta gundi ya zamani kwa kitambaa, anaingiza uzi wa mpira kwenye tundu kwa sindano nene, anapaka povu la sabuni pembeni mwa rimu, halafu anatafuta upepo wa nguvu. Pampu ya mkono haitoshi. Inabidi kwenda kwenye kompresa ya gereji ya magari, na tairi likikaa sawasawa kwenye rimu utasikia milipuko miwili, paa, paa, na watoto waliokusanyika wataruka nyuma. Kisha anagusa spoki moja moja kwa kidole kusikiliza iliyolegea. Mafundi wa Mto wa Mbu wanaijua sehemu hiyo ya mwisho tangu utotoni, kwa sababu baiskeli za mji huo hubeba mikungu ya ndizi kutoka mashambani na spoki ndizo zinazokufa kwanza. Wanachokosa ni vipuri: gundi, vipande vya breki za disiki, cheni za gia kumi na moja au kumi na mbili. Mgeni aliyekatikiwa na cheni Engaresero leo hupakiwa kwenye gari hadi Arusha, na siku zake mbili zilizobaki, pamoja na pesa ambayo angeitumia, zinapakiwa naye.

Mto wa Mbu una somo lingine. Mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanzishwa nchini katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV uliwapa vijana wa mji huo kazi ya kuongoza wageni mashambani kwa baiskeli za kukodi, na sehemu ya mapato ikatengwa kwa maendeleo ya kijiji. Waongozaji wa leo wamekulia ndani ya kazi hiyo. Wanajua majina ya aina za ndizi kwa lugha tatu na wanajua pia kumwambia mgeni kwamba sasa ni saa sita, tupumzike. Mtaji huo haukujengwa na hoteli kubwa.

Penye fedha isiyo na mlango, kila mmoja hujaribu kutengeneza mlango wake. Kwenye njia ya Natron wageni wamezoea kukutana na vizuizi vya ushuru, kila kimoja na stakabadhi yake na bei yake. Vijiji vina haki ya kutoza. Ardhi ni yao na vumbi ni lao. Kinachoumiza biashara ni mgeni kusimamishwa mara kadhaa bila kujua mapema atalipa nini na kwa nani. Waandaaji wa safari huuza bei miezi kumi kabla, na kinachowasumbua zaidi ni ada inayobadilika bila taarifa. Stakabadhi moja kwa njia nzima, inayogawanywa baadaye kati ya halmashauri na vijiji, ingeleta fedha nyingi zaidi kuliko mfumo wa sasa, na viongozi wa vijiji wangeweza kuiona kwenye hesabu badala ya kuisikia barabarani. Enduimet inahitaji jambo la ziada: askari wa wanyamapori wa kusindikiza pale tembo na nyati wanapovuka. Baiskeli haina milango, na haitoi sauti ya kumshtua mnyama mapema.

Kuna pia suala la lami, ambalo wafanyabiashara wengi wa baiskeli hulikwepa. Mwaka 2018 barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa na lami. Ilikuwa sehemu ya njia ya msafara wa baiskeli wa kutoka Cairo hadi Cape Town, ulioanza mwaka 2003, na waliopita zamani wanaikumbuka kwa vumbi lake. Hakuna aliyeandamana kudai vumbi hilo lirudi, na ingekuwa aibu kufanya hivyo. Sasa zamu ya kaskazini inakuja. Kipande cha Waso hadi Sale kule Loliondo kimekwisha kuwekwa lami, kutoka Sanya Juu lami imekwisha kusogea mbele, na mradi wa magadi soda wa Engaruka chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) ukianza uzalishaji utaleta malori mazito kwenye njia ile ile ya chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mpanda baiskeli hatalishinda lori, na hapaswi kupewa nafasi ya kulizuia. Atakachohitaji ni njia za pembeni: za mifugo, za mashamba, za zamani za wakoloni zilizoachwa, zile ambazo vijiji vinazijua na ramani za simu hazizijui.

Rwanda walilifanya hilo mapema. Njia ya Congo Nile, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, ilipewa jina, ikapimwa, ikawekwa vituo vya kulala, na mgeni anaweza kuipanga akiwa nyumbani kwake Ubelgiji. Septemba 2025 Kigali ikaandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Nchi yenye milima midogo kuliko yetu imeuza milima yake kwa baiskeli kwa sababu iliipa njia jina na mpangilio.

Kwetu kazi ya mwanzo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. VETA ina vyuo Moshi na Arusha. Kozi fupi ya wiki kadhaa ya baiskeli za kisasa haihitaji jengo jipya. Duka moja la vipuri Mto wa Mbu na jingine Tarakea yangetosha kuokoa safari nyingi. Halmashauri za Longido, Monduli na Ngorongoro zikikaa meza moja kabla ya Juni, kiangazi kinapoanza na majivu ya Natron kukauka, waandaaji wangekuwa na bei ya kuandika kwenye vipeperushi vya mwaka unaofuata.