Kabla ya Kumpima Mtoto Mkojo

Mzazi anayefika kliniki na kijana wake huwa na ombi moja: "Daktari, mpime mkojo tujue kama anatumia dawa za kulevya." Namwelewa. Mtaa wa Majengo wa Meru, kama ule wa Embu, uko katika ukanda unaolima miraa na muguka, na mama anayefunga kibanda saa tatu usiku hana njia ya kujua mwanawe alishinda wapi. Lakini mkojo haujibu swali lililomleta.

Aliyelewa Jumamosi usiku anaweza kuonekana safi Jumatatu, kwa kuwa pombe hutoka mwilini upesi. Bangi hukaa siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hukaa hata wiki, hivyo aliyekwisha kuacha anaweza kudhaniwa bado anavuta. Vipimo vingi vya bei nafuu navyo havikutengenezwa kutambua kathinoni, kemikali ya miraa na muguka inayofukuza usingizi. Na kipimo chochote kikisema ndiyo, hakisemi kwa nini. Mtoto aliyepimwa kwa nguvu hutoka amejifunza jambo moja tu, kujificha vizuri zaidi.

Tathmini inayofaa ni mazungumzo yenye mpangilio. Huanza na familia nzima, kisha mzazi anatoka na kijana anabaki peke yake na mtaalamu. Kabla ya swali la kwanza, kijana huambiwa wazi kwamba anayoyasema hayatamfikia baba wala mwalimu, isipokuwa maisha yake au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au kuna mtu anayemdhulumu. Wazazi wengi hukasirikia sharti hili. Bila hilo, hata hivyo, tutapata majibu ya kumridhisha mama.

Maswali yanayotumika sana kwa umri huu yanaitwa CRAFFT, na yalitungwa Boston, Marekani. Ni sita. Umewahi kupanda gari lililoendeshwa na mtu aliyelewa, au wewe mwenyewe ukiwa umelewa? Unatumia ili utulie au ujione uko sawa na wenzako? Unatumia ukiwa peke yako? Umesahau uliyoyafanya ukiwa umelewa? Ndugu au rafiki amekuambia upunguze? Umeingia matatani kwa sababu hiyo? Akijibu ndiyo mawili au zaidi, inafaa tuchimbe zaidi. Kwetu, swali la gari lazima liguse bodaboda, la sivyo halitamgusa kijana wa Majengo.

Kuna mtego mwingine. Ukimuuliza kijana wa hapa kama anatumia dawa za kulevya, anaweza kusema hapana bila kudanganya, ilhali anatafuna kila jioni. Miraa ni zao halali. Ndilo lililolipa karo za wengi. Magavana kadhaa wa Pwani walipopiga marufuku muguka Mei 2024, wakulima wa Embu walienda mahakamani na Mahakama Kuu ikasimamisha amri hizo. Mtoto amesikia hayo yote mezani. Kwa hiyo tunauliza kitu kimoja kimoja: muguka, miraa, kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni), sigara, bangi, pombe, vidonge. Tunauliza pia nini hufuata, kwa sababu wengi wakishikwa na handas, yaani ule msisimko wa miraa, na usingizi ukakataa, hutafuta pombe au vidonge vya kuishusha. Mchanganyiko huo unanitisha kuliko jani lenyewe.

Baadaye zamu ya wazazi hufika, na hapa ndipo baadhi yao huinuka kwenye kiti. Nani anakunywa nyumbani? Nani amefiwa? Kijana hukata au kufunga miraa alfajiri kabla ya shule? Hatuulizi ili kumlaumu baba anayetafuna. Tunataka kujua kijana atarudi katika nyumba ya namna gani.

Wengi hawahitaji kulazwa. Kumfungia mtoto wa miaka 15 aliyeonja mara chache pamoja na watu wazima waliobobea ni kumpa walimu wabaya, na familia huuza shamba bure. Mazungumzo kadhaa na mshauri nasaha, pamoja na mabadiliko nyumbani, hutosha mara nyingi. Ila asiyelala siku nyingi, anayesikia sauti, anayezungumzia kujiua, au anayetetemeka au kupata degedege baada ya kuacha pombe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo.

Mkija, leteni ripoti za shule za miaka miwili iliyopita, ili tuone alama zilianza kushuka lini na nini kilitokea nyumbani muhula huo. Leteni pia dawa zozote anazomeza. Na mwambieni mnakokwenda kabla ya kutoka nyumbani. Msimdanganye kwamba mnaenda kupima macho.