Hodi Mlangoni
Hodi ni neno la kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu, na kwa Waswahili ni miongoni mwa mambo ya awali yanayomfunza mtoto kuwajali wengine. Mgeni husimama kando ya mlango, asichungulie ndani, akapiga hodi na kungoja. Asipoitikiwa mara ya tatu huondoka bila kinyongo. Huenda mwenyeji amelala, anaoga, au anauguza. Mafunzo ya Uislamu yameutilia nguvu utaratibu huu pwani.

Mazoea ya kupiga hodi hujengwa na kizingiti chenyewe, maana kila mlango humkumbusha mtu. Mtoto aliyeingia kwa pupa hurudishwa nje aanze upya, na hilo hufaa kuliko mahubiri marefu. Simu nayo ina mlango wake: apigaye na aulize kwanza kama mwenzake ana nafasi.