Kumwokoa Mtu, Kufuta Hukumu

Kenya haijamnyonga mtu tangu Julai 1987, pale Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walipofikishwa kitanzini katika gereza la Kamiti kwa kosa la uhaini, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Adhabu yenyewe, hata hivyo, haijatoka vitabuni. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kinamwekea muuaji hukumu ya kifo, na kifungu cha 296(2) kinamwekea hiyo hiyo mtu wa wizi wa kimabavu. Hiki cha pili kina upana ambao wananchi wengi hawaujui. Si lazima mwizi awe na bunduki. Yatosha awe na mwenzake. Vijana wawili wakimkaba mpita njia katikati ya jiji na kumpokonya simu, wanaweza kuhukumiwa kunyongwa hata kama hakuna aliyetokwa na tone la damu. Wala majaji hawajaacha kuitoa hukumu hiyo: Machi 2024, katika mahakama za Milimani, mwanamume mmoja alihukumiwa kifo kwa mauaji ya mwanamke aliyeuawa nyumbani kwake Kilimani mwaka 2018.

Wanaopinga adhabu hii hufanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kumtetea mtu fulani asife. Ya pili ni kuipiga vita sheria yenyewe.

Kumtetea mtu kumefunguliwa mlango na Katiba ya 2010. Ibara ya 133 inasema Rais anaweza kumsamehe mfungwa au kumpunguzia adhabu kwa ombi la mtu yeyote. Si wakili tu wala jamaa wa mfungwa, mtu yeyote. Ombi hupitia kamati ya ushauri ambayo Mwanasheria Mkuu ni mmoja wa wanachama wake, na Katiba inairuhusu kamati hiyo kuzingatia maoni ya walioathiriwa na uhalifu. Hapo ndipo kampeni nyingi hujikwaa. Watetezi hukusanya sahihi na kusimulia jinsi mfungwa alivyobadilika, wakasahau kwamba mahali fulani kuna mjane au mzazi ambaye hakuna aliyempigia hata simu.

Nairobi iliyajua maombi ya namna hii kabla ya uhuru. Oktoba 1959 Peter Poole, fundi Mwingereza, alimpiga risasi Kamawe Musunge, mtumishi wa nyumbani aliyekuwa akijikinga na mbwa wa Poole kwa mawe. Baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, lilimkuta na hatia. Walowezi walisambaza hati ya kumwombea huruma, na maelfu wakaitia sahihi. Gavana Patrick Renison alikataa, na Poole akanyongwa Agosti 1960, Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Katika miaka ya vita vya Mau Mau serikali hiyo hiyo ilikuwa imewanyonga Waafrika zaidi ya 1,000. Mwanahistoria David Anderson amewahesabu 1,090. Wengi hawakuwa wameua mtu, kosa lao likiwa kupatikana na silaha au kulisha wenzao kiapo. Mitaa iliyomwombea Poole haikuwaandikia hao hati yoyote ya kiasi hicho. Huruma ya umma, tangu hapo, humfuata mtu ambaye waombaji wanajiona ndani yake.

Kampeni kubwa zaidi ya siku hizi inathibitisha hilo, ingawa hukumu haikuwa ya Kenya. Stephen Munyakho alikuwa akifanya kazi Saudi Arabia mwaka 2011 alipogombana na mfanyakazi mwenzake, raia wa Yemen, na ugomvi ukaishia kwa kifo. Kwanza alihukumiwa kifungo cha miaka michache kwa kuua bila kukusudia. Familia ya marehemu ikakata rufaa, na hukumu ikageuka kuwa kifo. Kwa sheria ya huko, warithi wa aliyeuawa wana haki ya kudai kisasi, au kusamehe, au kupokea dia, yaani fidia ya damu. Walikubali dia ya riyali milioni 3.5. Mama yake, Dorothy Kweyu, ni mwandishi wa habari mkongwe, na wenzake wa kalamu wakawa jeshi lake la kwanza. Ilianza harambee ya Kikenya kama ile ya matibabu au mazishi: kamati, michango ya simu, mahojiano ya redio, jumbe zilizopita kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Mei 2024 siku ya kuuawa kwake ilikuwa imeshapangwa. Serikali ya Kenya ikaomba muda, ukatolewa. Michango ya wananchi haikufikia kiasi kilichotakiwa. Mlango ulifunguka pale viongozi wa Kiislamu wa Nairobi, wakiwemo wa msikiti wa Jamia, walipoibeba kesi hadi kwa shirika la Muslim World League la Makka, lililolipa takriban dola milioni moja. Munyakho aliachiliwa Julai 2025.

Funzo lake kwa wanaharakati lina pande mbili. Harambee ilinunua muda na kuifanya serikali iaibike kukaa kimya, na hilo si dogo. Lakini mfungwa asiye na mama mwandishi angepata wapi jeshi hilo?

Kazi ya pili, ile ya kuipinga sheria, imesukumwa zaidi na wafungwa wenyewe. Katika magereza kama Luzira nchini Uganda, Kamiti, na lile la wanawake la Lang'ata, wafungwa wamesoma sheria na kuwaandikia wenzao rufaa. Uganda ilitangulia: kesi ya Susan Kigula na wenzake 417 iliifanya Mahakama ya Juu, Januari 2009, kuondoa ulazima wa hukumu ya kifo. Kigula alisomea sheria akiwa gerezani na akaachiliwa 2016. Kenya ilifuata Desemba 14, 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu: Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo bila kusikiliza utetezi wa mshtakiwa kuhusu adhabu. Wafungwa wa wizi wa kimabavu walisherehekea mapema mno. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi ulihusu mauaji tu.

Marais nao wamepunguza foleni kwa kalamu. Mwai Kibaki aliwabadilishia zaidi ya 4,000 adhabu kuwa kifungo cha maisha mwaka 2009. Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa 2,747 mwaka 2016, wanawake 92 miongoni mwao. William Ruto akafuata 2023. Kila mara foleni ilianza kujaa upya, maana kifungu kilibaki pale pale. Desemba 2024, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Kenya iliunga mkono kwa mara ya kwanza azimio la kusitisha unyongaji duniani. Rwanda ilikuwa imeshaifuta adhabu hiyo tangu 2007 na Burundi 2009.

Kalamu ya Rais huishia kwa wale waliokwisha kuhukumiwa. Kufuta vifungu ni kazi ya Bunge. Kwa hilo nako Katiba haikumwacha mwananchi mikono mitupu: Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Anayetaka kumtetea mfungwa mmoja na aandike chini ya Ibara ya 133. Anayetaka kifungu cha 204 kiondoke na aandike chini ya 119, na nakala ampelekee mbunge wake.